Mche Nyuma ya Zahanati

Katana wa Mwaringa alipoingia lango la shule Januari ile ya mwaka 1984, hakuyatazama majengo. Aliitazama minazi. Ilipangwa safu moja kutoka langoni hadi ofisi ya mwalimu mkuu, mirefu upande wa ofisi, mifupi upande wa lango, na kila mmoja ulikuwa na kibao shinani kilichoandikwa mwaka. Ile mirefu ilikuwa imebeba hata vichala vimelaliana. Na hakuna hata mmoja uliokuwa na kidato.

Kwao, kule nyuma ya Kaloleni, hata mtoto mdogo angeliona hilo. Baba yake alikuwa mgema, na babu yake vilevile. Huko mnazi ukishampita mtu kimo hukatwa vidato kwa panga, kimoja baada ya kingine, mpaka karibu na kilele, ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Mnazi usio na vidato ni mnazi usio na mwenyewe. Aliyeupanda amekufa au amehama, na watoto wake hawana habari nao. Katana alisimama na sanduku lake la bati kichwani, akaionea huruma ile minazi.

"Ewe mono! Waangalia nini huko juu? Kunguru?"

Aliyemwita alikuwa kijana mrefu wa fomu ya nne, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Jina lake Mahadhi. Watu wao asili yao ni Lamu, ila yeye alizaliwa na kulelewa Malindi mjini. Shuleni hapo palikuwa na desturi ya tangu zamani: kila mtoto wa fomu ya kwanza, ambaye wao humwita mono, hupewa kaka kutoka fomu ya nne. Mono hutandika kitanda cha kaka na kumfulia shati. Kaka naye huhakikisha mono wake hapigwi, hanyang'anywi chakula, na anajua njia ya kila mahali. Walikuwapo makaka wabaya. Katana alibahatika, maana wake alikuwa Mahadhi.

Jioni ileile Mahadhi alimwona anakwenda bafuni miguu mitupu. Hakusema neno mbele ya watu. Baadaye akaziweka ndara zake chini ya kitanda cha Katana.

"Hizi zanibana," alisema. "Zikikutosha, vaa. Zisipokutosha, tupa."

Hazikuwa zikimbana hata kidogo. Wiki nzima Katana alimwona Mahadhi anatembea pekupeku kwenye sakafu ya bafu mpaka mama yake alipomletea nyingine. Jambo hilo Katana aliliweka moyoni.

Mwezi wa pili Mahadhi akashikwa na homa. Alilazwa zahanati, nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma ya mabweni, chini ya ulinzi wa metroni wa shule, Bi Jedida. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Rabai, mnene wa mwili na mwepesi wa mkono, ambaye kila mgonjwa alimwita "mwanangu" hata akiwa na ndevu.

Katana alipokwenda kumtazama kaka yake alimkuta midomo imepasuka kwa ukavu.

"Hataki uji, hataki chai," Bi Jedida alisema. "Dawa nampa, aitapika. Mwambie wewe, mwanangu, labda atakusikia."

"Kaka, kunywa uji."

"Ondoa," Mahadhi alisema kwa sauti ya chini. "Uji wanuka moshi. Ningepata dafu, Katana. Dafu tu."

Hakumtuma, alitamani tu kama mgonjwa yeyote anavyotamani. Lakini Katana alikwishatoka.

Alichukua panga miongoni mwa yale waliyokuwa wakikatia nyasi, akaenda kwenye safu. Alichagua mnazi wa mwisho, ule mrefu kuliko yote, kwa sababu madafu yake yalikuwa mazuri, na kwa sababu aliona ndio uliopuuzwa muda mrefu zaidi. Alikata vidato kwa utulivu, kama alivyofundishwa. Alivikata vya mteremko ili maji ya mvua yasisimame ndani yakauozesha mti, kimoja kushoto, kimoja kulia, akiendelea kupanda. Watu walikuwa uwanjani wakicheza mpira. Aliteremka na madafu mawili. Mahadhi alikunywa yote mawili, akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu homa imshike.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, mwalimu mkuu alisimama mbele ya wanafunzi. Aliitwa Bwana Thuku, mtu wa bara, mwembamba, mwenye kupenda mambo yanyooke. Ile safu ya minazi ndiyo iliyokuwa fahari yake. Kila fomu ya nne ikimaliza ilipanda mnazi wake, na kila mwaka wanafunzi wa zamani walikuja, wengine sasa maofisa, wakasimama kando ya mti wao wakapigwa picha.

"Mnazi wa kwanza wa shule hii," alisema. "Mnazi uliopandwa kabla yangu na kabla yenu. Kuna mtu ameukatakata kwa panga, kutoka chini mpaka juu. Nataka kumjua."

Katana aliinua mkono haraka, mtu angedhani ameulizwa swali analolijua jibu lake. "Ni mimi, mwalimu."

Watu wakacheka. Bwana Thuku hakucheka.

"Kwa nini?"

"Haukuwa na vidato, mwalimu."

Kicheko kikazidi. Hapo ndipo Mahadhi, aliyetoka zahanati asubuhi ileile, sweta mwilini na macho yamezama, alipotoka mstarini.

"Mwalimu, dafu lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyetamani. Mtoto huyu hakujua."

Mahadhi alikuwa kiranja. Bwana Thuku alimvua beji palepale, mbele ya watu, akaitia mfukoni. Kisha akamwambia Katana aende nyumbani, asirudi bila baba yake.

Mwaringa alikuja amevaa kanzu yake ya kuendea mazishi, kwa kuwa ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo, na kikapu mkononi. Alimwamkia mwalimu mkuu kwa heshima ingawa alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi. Bwana Thuku akampeleka kwenye mnazi moja kwa moja, ili ajionee.

Mzee aliutazama toka chini hadi juu. Akapitisha kidole ndani ya kidato cha kwanza, kisha cha pili. Akapima nafasi kati yao kwa kiganja. Uso ukamkunjuka.

"Hivi amekata mwenyewe?" aliuliza. "Bila kusaidiwa?"

"Mwenyewe!" Bwana Thuku alisema.

"Amekata vizuri sana," mzee alisema, akamgeukia mwanawe. "Hiki cha tatu umekizamisha mno. Lakini vingine ni safi. Mwalimu, hata mimi nilipokuwa na umri wake sikuweza."

Kwa mara ya kwanza Bwana Thuku alielewa kwamba hakuwa akizungumza na baba wa mtoto mharibifu. Ikabidi amweleze taratibu: minazi hii haikwewi, ni ukumbusho, imeachwa laini makusudi ili ipendeze. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua kofia.

"Basi tumekukosea, mwalimu. Kwetu ukiuharibu mnazi wa mtu, unaotesha mwingine ukampa. Na huyu, ukimwona hafai, nitarudi naye. Minazi ninayo. Kaka yake kule nyumbani anagema, naye atagema. Hatalala njaa."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayemkaribisha mwanawe nyumbani. Katana alijua kuwa ni kweli. Angeweza kupanda matatu jioni hiyohiyo na kesho yake awe juu ya mti, upepo usoni, na hakuna ambaye angemcheka.

"Baba," alisema, "mimi nataka kusoma."

"Nimesikia. Mwambie mwalimu, usiniambie mimi."

"Mwalimu, mimi nataka kusoma. Nitaotesha mnazi."

Bwana Thuku alimtazama. Miaka miwili mfululizo miche ya fomu ya nne ilikuwa imekufa kwa jua; vibao viwili karibu na lango vilisimama bila miti.

"Haya," alisema. "Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaaga fomu ya nne, nataka mche ulioota hapa hapa shuleni, kwa mkono wako, wenye makuti yaliyo hai. Ukiwapo, Januari utarudi fomu ya pili. Usipokuwapo, baba yako amekwisha kusema ana minazi."

Mzee Mwaringa akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na nazi tatu zilizokauka vyema, alizokuja nazo ziwe zawadi ya kupikia nyumbani kwa mwalimu. Akampa mwanawe. "Hizi ni za mti wa nyanya yako," alisema, kisha akaenda zake barabarani.

Katana alizilaza nazi zile ubavu, nusu ardhini, nyuma ya zahanati, mahali penye kivuli cha muarubaini. Bi Jedida ndiye aliyempa mahali hapo.

"Hapa naziona kila nikifungua dirisha," alisema. "Wewe lete maji, macho nitatoa mimi."

Lakini maji ndiyo yaliyokuwa shida. Mwaka ule masika hayakuja. Mawingu yalikusanyika baharini, yakapita juu ya shule, yakaenda. Pampu ya kisima ilitoa matope, kisha ikatoa upepo mtupu. Boza la maji la serikali mara lilikuja, mara likakosa kuja. Kila mvulana alipewa ndoo moja kwa siku ya kuoga, kufua na kunawa, na sima ikawa ya mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, magumu kooni.

Katana aligawa ndoo yake nusu kwa nusu. Nusu yake mwenyewe, nusu ya nazi. Alijifunza kuoga kwa kopo: kwanza uso, kisha kwapa, kisha miguu, na sabuni kidogo sana. Maina, aliyelala kitanda cha juu yake, alimwonea ajabu. Maina alikuwa mtoto wa bara ambaye baba yake alifanya kazi hoteli moja ya Kikambala; nazi aliijua kwenye sahani tu.

"Sasa hii itazaa lini?"

"Mwaka wa sita. Wa saba."

"Wa saba! Na sisi tutakuwa wapi?"

"Sijui. Labda wewe utakuwa mwalimu mkuu."

"Mimi nikiwa mwalimu mkuu, kitu cha kwanza ni kufukuza hii ugali ya njano." Maina alifikiri. "Maji ya kusuuza sahani yangu unataka? Haina sabuni."

"Nataka."

Basi kila baada ya chakula Maina alikuja kutoka bwaloni amebeba kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Wengine walicheka. Aliyezidi ni Jaafar wa fomu ya tatu, kijana wa Malindi mwenye ulimi mkali na sauti nzuri. Kila Katana alipopita na ndoo alisikia:

"Mgema ee! Tembo la lini? Tuje na kata zetu?"

"Miaka saba," Katana alijibu. "Anza kusubiri."

Ramadhani iliingia na kiu yake, ikatoka. Na katika siku zile, nazi ya kwanza ikatoa ncha nyeupe kama jino la mtoto. Wiki chache baadaye ya pili, kisha ya tatu. Ncha zikageuka kijani, zikainuka. Bi Jedida alimwita Katana dirishani kumwonyesha ya tatu, naye akawa ameliacha birika lake likaunguza chai.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa saba. Katana alitoka ibada ya asubuhi akapitia zahanati na kikombe chake. Bi Jedida alikuwa amekwenda kwao Rabai kwa siku moja. Chini ya muarubaini palikuwa na mashimo mawili na vifuu vilivyopasuliwa. Mche mmoja tu ulikuwa umesimama.

Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa. Nazi ikiota, ndani yake hujaa joya, tamu, laini, kama andazi lililotiwa sukari. Na watoto wale walikuwa na njaa. Sima ya manjano haikai tumboni. Katana aliokota kipande cha kifuu, akaenda nacho bweni la fomu ya tatu. Jaafar alikuwa amekaa kitandani na wenzake wawili. Chembe nyeupe ilikuwa bado pembeni ya mdomo wake.

Mmoja wa wale wawili akajifanya anatafuta soksi.

"Ee bwana," Jaafar alisema, akijaribu kucheka. "Sikujua kama ni zile zako. Nilidhani zimejiotea."

"Ulijua."

"Sawa, nilijua. Utanishtaki?"

Katana angeweza kwenda ofisini. Jaafar angechapwa, pengine angefukuzwa. Lakini hilo lisingemrudishia mche, na maji yangebaki yaleyale nusu ndoo.

"Umekula miwili," alisema. "Umebaki mmoja. Huo sasa ni wako pia. Lete maji."

"Nini?"

"Kila siku, kikombe kimoja kutoka ndoo yako. Na hawa pia, maana wamekula. Mimi sitakwenda ofisini. Lakini ukikosa hata siku moja nitakuja hapa, nisimame mbele ya kitanda chako mpaka ulete."

Jaafar alimtazama huyu mtoto mfupi wa mashamba aliyesimama na kifuu mkononi.

Jioni hiyo alileta kikombe. Kesho yake akakosa, na Katana akaenda akasimama mbele ya kitanda chake bila kusema kitu, bweni zima likitazama, mpaka Jaafar akainuka akicheka na kulaani. Baada ya hapo hakukosa tena. Na kwa kuwa Jaafar hakuweza kufanya jambo kimyakimya, alipita akitangaza bwaloni: "Haya, zaka ya mnazi! Nani hajatoa? Wewe umeoga leo mara mbili, nimekuona!" Watu wakaanza kuleta. Wengine walileta kijiko tu, wakicheka. Mahadhi, ambaye mtihani wa mwisho ulikuwa umemkaa kichwani mchana kutwa, alipita kila alfajiri akielekea darasani na kopo lake la udhu. Alichobakiza alikimimina shinani, taratibu, asitoboe udongo. Hakuwahi kuitaja ile beji aliyovuliwa.

Shule ilipofungwa Agosti, Katana aliomba abaki. Bwana Thuku alikataa. Hakuna mwanafunzi anayebaki. Katana alikwenda zahanati kuaga.

"Nenda zako kwa mamako," Bi Jedida alimwambia. "Mimi siendi popote. Maji yangu ya kuoshea mchele yote ni yake."

"Bi Jedida, mchele wenyewe unao?"

"Hilo si lako."

Aliporudi Septemba aliukuta mche una makuti matatu, umesimama wima, udongo umelowa. Bi Jedida alikuwa amekonda kidogo. Alipoulizwa alisema ni joto.

Kisha ikaja siku ya mbuzi, na hapo hakuna aliyekosea. Ukame ulikuwa umeyala majani yote ya nje, na mbuzi wa jirani, mbavu nje, walipata tundu kwenye seng'enge. Wanafunzi walikuwa madarasani. Bi Jedida alikuwa anamshika mtoto mmoja aliyevunjika mkono, asiweze kumwacha. Kupitia dirishani alimwona mmoja wao penye mche, akapiga kelele, akapiga kelele tena. Katana alipofika mbio, mbuzi alikuwa anatafuna kuti la mwisho, likiingia mdomoni polepole kama utepe.

Kilichobaki kilikuwa kisiki cha kijani, kifupi kuliko kidole.

Bi Jedida alilia. Maina alimrushia mbuzi jiwe na kumkosa. Katana alipiga magoti, akakitazama kisiki kwa karibu sana, akakigusa katikati kwa ncha ya kidole. Palikuwa na unyevu.

"Moyo haujaliwa," alisema.

"Lakini makuti," Maina alisema. "Alisema makuti."

"Najua alivyosema."

Alikwenda kukata miiba, akauzungushia mche ua mnene ambao hata paka asingepenya. Kisha akapiga hodi ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Mbuzi amekula mche. Umebaki moyo. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

Bwana Thuku aliweka kalamu chini. "Zimebaki wiki ngapi?"

"Chache, mwalimu."

"Nimeagiza mche mmoja kutoka shamba la serikali, endapo huu utakufa. Wanafunzi hawawezi kukosa mti mwaka wa tatu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Unaelewa maana yake?"

"Naelewa. Nitaendelea kumwagilia."

Mwishoni mwa Oktoba vuli ikaja, na ikaja kweli. Ilinyesha juu ya mabati hata walimu wakaacha kufundisha. Wavulana walitoka nje na mashati yao, wakaruka kwenye matope, wakasimama midomo wazi kuelekea mbinguni. Katana hakuwa na haja tena ya ndoo, lakini kila asubuhi alikwenda palepale. Katikati ya kisiki ilichomoza ncha, ikapanda, ikawa upanga mwembamba uliokunjwa, haujafunguka.

Ulikuwa bado haujafunguka siku ya kuwaaga fomu ya nne ilipofika.

Wazazi walikuja, na wanafunzi wa zamani pia. Shimo lilikuwa limechimbwa karibu na lango. Kando yake, katika mfuko mweusi, ulisimama mche wa shamba la serikali, makuti matano mapana, unapendeza. Katana alikuja na wake amekumbatia nazi kifuani, na ule upanga mmoja wa kijani ukimgusa kidevu. Watu wengine walitabasamu kwa huruma.

Bwana Thuku alimwita mbele. Hakuwa mtu wa kuvunja neno lake, wala la kumfaa mtu wala la kumdhuru.

"Katana, tulisema makuti yaliyo hai."

"Hili moja, mwalimu. Halijafunguka, lakini li hai. Lishike."

Bwana Thuku alilishika kati ya vidole viwili. Kuti lilikuwa baridi na gumu, kama kitu kinachosukuma.

"Moja si makuti," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa na furaha.

"Sikuja kuomba uhesabu yaliyoliwa, mwalimu. Hesabu hili."

Ndipo Mahadhi aliposimama kutoka kwenye viti vya fomu ya nne. Hakuwa na beji, lakini wote walimgeukia.

"Mwalimu, kwa ruhusa yako. Mti huu unapandwa kwa jina letu. Basi na sisi tuulizwe."

"Sema."

"Ule," alisema akiuonyesha mche wa mfuko, "ni mzuri, mashallah. Lakini hatuujui. Huu tumeoga nusu ndoo kwa ajili yake. Nimeunyima uso wangu maji nikaupa huu. Hakuna mvulana hapa ambaye hajatoa kikombe. Tukija hapa tumezeeka, twataka kusimama kando ya huu."

"Na mimi," Jaafar alipaza sauti kutoka nyuma, "nimewala ndugu zake wawili. Huu nisipouona umepandwa sitalala!"

Kicheko kikapasuka, cha wazazi pia. Bi Jedida alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso. Bwana Thuku aliwatazama fomu ya nne safu kwa safu. Mmoja baada ya mwingine waliinua mikono, mpaka hapakuwa na mkono uliobaki chini.

"Haya," alisema. "Upandwe huo."

Ule wa serikali aliamuru upelekwe kwenye kimoja cha vibao vilivyokosa mti. Mahadhi na Katana walipiga magoti wakaushusha mche wao shimoni pamoja, nazi ikilala ubavu, upanga ukielekea juu. Walirudisha udongo kwa mikono, wakaukandamiza. Makofi yakapigwa, watu wakaanza kuelekea bwaloni kwenye pilau.

Katana alibaki amechutama. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno la Januari, na yeye hakuthubutu kuliuliza. Aliuliza lile lililokuwa mbele yake.

"Mwalimu, Desemba shule imefungwa. Mvua ikikatika, ni nani atakayeumwagilia?"

Bwana Thuku alikuwa amekwisha kugeuka kwenda. Alisimama.

"Mimi," alisema. "Mpaka utakaporudi."

Kisha akaenda kuwakaribisha wageni. Katana alikaa kidogo pale chini, mikono imejaa udongo, akilisikia lile neno la mwisho tena na tena. Halafu akainuka kuitafuta ndoo, maana mche ulikuwa umepandwa na bado haujanyweshwa.